Gramu 249 Si Kibali, Mdogo Wangu

Leo ni zamu ya droni.

Swali linanifikia kutoka Leicester, Minneapolis, Hamburg na Dubai, na maneno yake karibu ni yaleyale: "Dada, nimenunua droni ndogo. Kwenye boksi imeandikwa gramu 249, na muuzaji amesema haihitaji usajili wala kibali. Naweza kuirusha kwenye harusi ya binamu? Na Desemba naweza kwenda nayo nyumbani?"

Muuzaji amekwambia nusu ya habari. Nusu hiyo huenda ni kweli hapo dukani kwake. Nusu iliyobaki ndiyo inayowasimamisha watu mbele ya maofisa wa forodha, na wakati mwingine mbele ya mzazi ambaye mtoto wake ameumia. Kwa hiyo leo sitakujibu kwa ndiyo au hapana. Nataka ujue namba hiyo ilitoka wapi, ili usiibebeshe kazi ambayo haikupewa.

Mwaka 2015 droni zilikuwa zimeanza kununuliwa kwa wingi Marekani, na mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, FAA, iliunda kikosi kazi cha kushauri ni droni zipi zisajiliwe. Wale wataalamu walijiuliza jambo zito: kitu kikimwangukia mtu kichwani, kinahitaji nguvu kiasi gani kumuua? Walichukua kipimo cha nishati ya jouli 80, ambacho kwa makadirio yao mtu aliyegongwa kichwani ana uwezekano wa asilimia 30 wa kufa. Kisha wakakadiria kasi ya droni ndogo iliyozimika angani na kudondoka, mita 25 hivi kwa sekunde. Ukizipiga hesabu hizo mbili, uzito unaokuja ni gramu 250. Usajili ulianza tarehe 21 Desemba 2015, na mpaka huo ndio unaotumika leo kwa wanaorusha kujifurahisha.

Ila hesabu haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayonifanya niandike. Walizidisha pia uwezekano wa droni hiyo kumkuta mtu chini, wakichukulia kwamba watu wametawanyika na kwamba wengi wao wako ndani ya majumba au magari, na ni wachache tu walio nje wazi. Sasa fikiria uwanja wa harusi. Wageni mia tatu wamekaa bega kwa bega, wote nje, vichwa wazi au na mtandio tu, watoto wanakimbia katikati ya viti. Ule uwezekano mdogo uliofanya gramu 250 zionekane salama haupo tena. Namba ni ileile na droni ni ileile, lakini kilichoihalalisha namba kimebaki kwenye karatasi za FAA.

Kwa hiyo gramu 249 zinajibu swali moja: ikidondoka yenyewe mahali pa kawaida, itamdhuru mtu kwa kiasi gani? Hazikwambii lolote kuhusu pangaboi linalozunguka, wala rubani wa helikopta anayepita chini, wala mama aliyejifunua nywele uani kwake, wala askari wa lango la kambi.

Wala namba yenyewe si moja duniani. Kampuni ya droni ya DJI ilipotoa Mavic Mini mwaka 2019, droni yake ya kwanza iliyotangazwa sana kwa gramu 249, kule Japani iliuza ya gramu 199, kwa sababu mpaka wa Japani wakati huo ulikuwa gramu 200. Ilipunguzwa betri tu, ili ipite chini ya sheria ya nchi moja. Halafu Juni 2022 Japani wakashusha mpaka hadi gramu 100, na ile ya 199 ikahitaji usajili kama nyingine. Uingereza nao wamefuata: kuanzia tarehe 1 Januari 2026, anayerusha droni ya gramu 100 au zaidi lazima afaulu mtihani wa mtandaoni, ambao ni wa bure, na kupewa namba ya mrushaji. Droni hiyo ikiwa na kamera, mwenye droni naye anajisajili kila mwaka na kuibandika namba yake kwenye droni. Kwa hiyo wewe wa Leicester, uliyenunua ya 249 mwaka juzi ukaambiwa huhitaji mtihani, sasa unahitaji. Na kama umemnunulia mtoto, usajili wa mwenye droni ni wa mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea. Mtoto anaweza kufanya mtihani wake wa kurusha, lakini jukumu la droni linakaa mabegani mwako.

Wewe wa Hamburg, sheria za Umoja wa Ulaya zinakuuliza juu ya kamera kabla ya uzito. Droni yenye kamera, hata ikiwa chini ya gramu 250, mwenye nayo lazima asajiliwe, isipokuwa kama imetambuliwa rasmi kuwa kitu cha kuchezea watoto. Na Ujerumani inataka bima kwa kila droni, nyepesi na nzito. Bima hiyo mara nyingi watu wanayo tayari ndani ya bima yao ya kawaida ya madhara kwa wengine bila kujua. Soma mkataba wako kabla ya kulipa mara mbili.

Marekani ndiko ambako ile nusu ya muuzaji inakaribia kuwa kweli. Droni isiyofika gramu 250, inayorushwa kwa burudani tupu, haisajiliwi na wala haihitaji ile redio ya utambulisho inayotangaza namba ya droni, mahali ilipo na mahali aliposimama anayeiendesha. Lakini kuna mtihani mfupi wa mtandaoni uitwao TRUST. Ni wa bure, na anayerusha kwa burudani anatakiwa awe ameufanya na abebe cheti chake, droni iwe na uzito wowote. Wengi hawajausikia kabisa. Ufanye leo usiku, mdogo wangu, ukimaliza kusoma.

Sasa tuingie jikoni, maana mizani ninayopimia droni ni ileile ninayopimia unga. Uzito unaohesabiwa ni wa kila kinachopaa, wala hautazami kilichoandikwa kwenye boksi. Weka droni kwenye mizani ikiwa na betri yake, kadi ya kumbukumbu ikiwa ndani, mapangaboi yamefungwa, filta ya lenzi ikiwa umeiweka, stika ya namba, na ile taa ndogo uliyonunua ili uione jioni. Gramu moja ndiyo nafasi uliyoachiwa. Stika na filta zinatosha kuimaliza.

Mtego mkubwa zaidi ni betri. Kwa droni zao za Mini 3 Pro na Mini 4 Pro, DJI wanatengeneza pia betri kubwa inayoongeza muda wa kukaa angani. Inaingia vizuri, inafunga, na droni inaruka bila kulalamika. Lakini sasa uzito ni kama gramu 290. Hapo Marekani umekuwa mtu anayerusha droni isiyosajiliwa, ilhali usajili wake ungekugharimu dola 5 kwa miaka mitatu. Ulaya nako, droni iliyothibitishwa katika daraja la chini ya gramu 250 inatoka kwenye daraja hilo pindi unapoiweka. Ukiletewa betri kama hiyo kama zawadi, shukuru, kisha jisajili kabla ya kuichomeka.

Vikinga vya pangaboi navyo vina uzito, na hapa nakuomba usikilize vizuri. Ikiwa unarusha karibu na watoto, funga vikinga hata kama vitakuvusha gramu 250 na kukulazimisha ujisajili. Nimekutana na vijana wanaovikataa ili wabaki chini ya mpaka. Huko ni kuigeuza sheria dhidi ya kazi yake. Mwaka 2015 nchini Uingereza mtoto mdogo sana alipoteza jicho moja baada ya droni ya rafiki wa familia kugusa mti, ikazunguka na kumfuata alipokuwa. Kilichomjeruhi ni pangaboi. Aliyekuwa akirusha hakuwa mhuni wala mlevi. Alikuwa mtu anayependwa na familia ile, mbele ya nyumba yao, karibu kabisa na kutua. Sekunde za kupaa na za kutua ndizo za hatari kuliko zote, na ndizo ambazo watoto wanakimbilia kuona. Weka mtu mzima mmoja asimame nao. Mpe kazi hiyo moja tu, asishike simu.

Turudi kwenye harusi, maana najua ndiko moyo wako uliko. Picha ya bi harusi akishuka kwenye gari ikichukuliwa kutoka juu, nguo imetanda, akina mama wanapiga vigelegele: nakubali, inapendeza. Tatizo ni kwamba Uingereza na Umoja wa Ulaya wote wanakataza kurusha juu ya umati, hata kwa droni ndogo kabisa. Umati kwao ni watu waliokusanyika kiasi kwamba droni ikidondoka hawawezi kutawanyika haraka. Wageni waliobanana kwenye viti vya plastiki ndio hao hasa.

Marekani kuna kifungu kingine. Shangazi akikulipa, au ukipiga picha hizo kwa ajili ya kampuni ya mapambo ya rafiki yako hata bila kulipwa, umetoka kwenye burudani. Sasa unahitaji cheti cha rubani wa droni, ambacho mtihani wake ni wa maswali 60 na ada yake ni dola 175, na droni lazima isajiliwe hata ingekuwa na gramu 100. Na kurusha juu ya watu chini ya cheti hicho, katika kundi la droni nyepesi zaidi, kunadai droni isiwe na sehemu zinazozunguka wazi ambazo zinaweza kuchana ngozi. Mapangaboi ya droni yako yako wazi. Kwa hiyo hata gramu 249 zenyewe, zenye cheti na usajili, bado hazipiti juu ya vichwa vya wageni bila vikinga. Na vikinga vinakuvusha uzito. Umeona jinsi kona zinavyokutana?

Lakini sitaki umwambie shangazi "haiwezekani" ukamwacha hivyo. Mwambie: "Shangazi, nitakuja saa mbili kabla. Nitapiga ukumbi na bustani watu hawajafika. Gari la bibi harusi nitalichukua kutoka pembeni, juu ya nyasi, si juu ya wageni. Wakishakaa, droni inarudi kwenye begi na mimi nakula pilau." Picha za pembeni, kamera ikitazama chini kwa mshazari, mara nyingi ni nzuri kuliko zile za utosini, kwani sura zinaonekana. Na kama mjomba fulani atakuja kukusukuma, "rusha tu, nani atakuona," mpishe kwa heshima na ubaki na rimoti yako. Anayeshika rimoti ndiye anayeulizwa. Mjomba hataandikwa popote.

Kuhusu kimo, nchi nyingi zimekubaliana juu ya mita 120, sawa na futi 400. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Ndege zenye marubani, nje ya maeneo ya kupaa na kutua, kwa kawaida huwa hazishuki chini ya futi 500. Zile futi 100 za katikati ni nafasi ya kupishana. Helikopta za hospitali na za polisi, ndege za kunyunyizia dawa na za kuzima moto hazifuati kawaida hiyo, kwa hiyo ukisikia mngurumo, shusha droni kwanza, tafuta ndege kwa macho baadaye. Mita 120 zinahesabiwa kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukisimama ukingoni mwa genge Lushoto na kuituma mbele, ardhi inaporomoka chini yake na wewe umekiuka kimo bila hata kugusa kitufe cha kupanda.

Na droni iwe machoni pako, si kwenye kioo cha simu. Tarehe 9 Januari 2025, Los Angeles ikiwaka moto, mtu mmoja alirusha droni ndogo kutoka juu ya jengo la kuegeshea magari, Santa Monica, kwenda kutazama uharibifu. Aliisogeza zaidi ya mita 2,500, akapoteza kuiona. Ikagongana na ndege ya kuzima moto iliyoletwa kutoka Quebec, Kanada. Bawa la ndege likatoboka tundu la inchi 3 kwa 6, ndege ikalazimika kukaa chini ili itengenezwe wakati nyumba za watu zinaungua. Alikiri kosa mahakamani. Nafikiria marubani wawili wa ndege ile mara kwa mara. Walikuwa wanachota maji baharini na kurudi ndani ya moshi, na aliyewarudisha chini alikuwa mtu aliyetaka kuona.

Jambo moja dogo ambalo watu wa pwani wanalisahau: mpangilio wa kurudi yenyewe. Mawasiliano yakikatika, droni inapanda hadi kimo ulichoipa, kisha inarudi kwa mstari ulionyooka. Kama uliiweka mita 20 ukiwa kwenye uwanja wa mpira Ulaya, na sasa uko Bagamoyo, mnazi mrefu unafika mita 25 na kuzidi. Itaugonga ikiwa na akili zake timamu. Panga upya kimo hicho kila unapobadilisha mahali.

Sasa nyumbani. Hapa naomba usiruke mstari.

Kenya ilitunga kanuni zake za droni mwaka 2020, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ndiyo inayozisimamia. Shughuli zimegawanywa kwa kiwango cha hatari: ndogo, ya kati na kubwa. Hata kundi la hatari ndogo linabaki chini ya futi 400, mita 50 mbali na watu na majengo yasiyohusika, na droni ikionekana kwa macho. Kuileta nchini kunahitaji kibali cha KCAA, na kibali kinatakiwa kuwepo kabla droni haijafika. Viwanja vya ndege vina duara lake: kilomita 10 kwa vile vikubwa, 7 kwa vidogo, mpaka upate ruhusa. Chukua ramani uchore maduara hayo Nairobi, uanze na Jomo Kenyatta, uongeze Wilson iliyo karibu na katikati ya jiji. Utaona jiji linavyomezwa. Chora na Lamu: kiwanja cha Manda kiko ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, kwa hiyo mji wote wa kale umo ndani ya duara. Wale unaowaona mtandaoni na video za Lamu kutoka angani, ama waliomba ruhusa au walivunja sheria, na wewe huna namna ya kujua ni wepi kati ya hao unaowaiga.

Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 chini ya mamlaka yake ya usafiri wa anga, TCAA, na kabla TCAA haijakupa chochote, Wizara ya Ulinzi inahusika. Hilo linawaudhi wengi: "Mimi napiga picha za bibi yangu Tanga, jeshi linanitakia nini?" Mdogo wangu, ukiwa juu hujui umepita kando ya nini. Kambi, bandari, mitambo ya umeme, nyumba za viongozi. Nyingi hazina bango linalosomeka kutoka mita 100. Wao wanajua. Uganda nako jeshi limo kwenye mlolongo wa ruhusa. Omba mapema, miezi kabla ya safari, si wiki, na usiifungashe droni kwa matumaini tu. Droni isiyo na kibali huzuiwa forodhani, na likizo yako ya wiki tatu utaimalizia kwenye foleni za ofisi, wakati ungekuwa umekaa na watu wako.

Hifadhi za wanyama ni kibali kingine tena, cha wanaosimamia hifadhi husika, kama vile KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, na sababu si wanyama peke yao. Alfajiri ya Serengeti na Maasai Mara angani kuna maputo yenye abiria, yakielea chini kabisa, na ardhini kuna viwanja vya changarawe ambako ndege ndogo hutua mchana kutwa. Puto halina breki.

Na nyinyi mnaopitia Dubai kununua kwa bei nzuri: kuuziwa si kuruhusiwa kurusha. Januari 2022, baada ya Abu Dhabi kushambuliwa kwa droni, Falme za Kiarabu zilipiga marufuku droni za burudani. Zilipoanza kulegeza, zililegeza kwa vibali. Acha boksi limefungwa hadi ufike unakoenda na karatasi zako.

Wapo watakaokwambia vibali vyote hivi ni njia ya kuua ubunifu wa vijana wetu. Siwaungi mkono. Mwaka 2016 Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha zote kutoka angani kwa droni, kazi iliyosimamiwa na Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kurusha. Oktoba mwaka huohuo, Rwanda, droni za Zipline zikaanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Yote mawili yalifanyika anga likiwa limeombwa na kupangwa. Zaidi ya hapo, siku damu inasafiri juu ya kijiji chako, utataka sana kila aliye angani ajulikane ni nani.

Nabakiza jambo ambalo hakuna mizani inayoweza kulipima, nalo linaniuma kuliko yote. Nyumba zetu za pwani zimejengwa na ua ndani kwa makusudi. Ukuta umezuia macho ya barabarani karne nyingi, na nyuma yake mwanamke anasuka nywele, anamwogesha mtoto, anaanika nguo zake za ndani, anakaa na kanga moja kifuani. Droni yako inafuta ukuta huo kwa sekunde kumi. Hukumwona, ulikuwa unatazama machweo. Lakini kamera ilimwona, na video ikaenda mtandaoni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinaweza kukugusa. Lakini hata zisingekuwepo ningekuomba hivihivi: kabla ya kupaa mtaani, piga hodi. Nenda kwa mjumbe au balozi wa nyumba kumi, pita kwa majirani wa pande zote, waambie saa ngapi, dakika ngapi, na kwamba utawaonyesha picha. Wengi watakubali, na wengine watataka kupigwa wao wenyewe na mbuzi wao. Bibi mmoja akikataa, kamera isielekee kwake, basi.

Mwisho ni begi. Betri za akiba za droni zinasafiri nawe ndani ya ndege, mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia chini. Zikiwaka moto chini hakuna wa kuzizima, zikiwaka juu wahudumu wanaziona. Kila moja funika ncha zake kwa utepe wa gundi au iweke kwenye mfuko wake. Mpaka wa kawaida ni wati-saa (Wh) 100 kwa betri. Ukikuta imeandikwa volti na mAh tu, zidisha volti kwa mAh, gawanya kwa 1,000. Betri ya kawaida ya Mini 3 Pro, volti 7.38 na mAh 2,453, inakupa Wh 18 hivi, kwa hiyo huna shida.

Na kama kibali hakikutoka kwa wakati, iache droni. Toa betri kwenye droni, ziache zikiwa zimejaa nusu au kuzidi kidogo, si pomoni wala si tupu, uziweke mahali pakavu pasipo na joto, mbali na dirisha. Nyumbani piga picha kwa simu ukiwa umesimama chini, na ile barua ya maombi uiandike ukiwa hukohuko, ofisi ikiwa karibu, kwa ajili ya safari ijayo.